Sketi ya Baba Yako, Kaburi la Bibi Yako

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka uso unaniwaka kama nimeinamia jiko. Ni siku waliyomzika bibi yako Mariamu, mama yake baba yako, hapa Ujiji. Baba yako alikuwa mtoto wake wa pekee, na watu wakamzuia asishuke kaburini kumpokea mama yake. Aliyeanza kusema asishuke ni baba yangu mzazi, babu yako wa Simbo. Nakuambia mapema usije ukadhani nakuficha. Aibu hii ni ya nyumbani kwetu, haikuletwa na mgeni.

Mimi sijazeeka. Najua nasaha hutolewa na wenye mvi, na mimi kichwani sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini wenye mvi siku ile walikuwepo, wengi tu, wamejaa ua mzima, na wakakaa kimya. Basi leo utanisikiliza mimi.

Baba yako unamjua ni fundi cherehani. Usichokijua ni kwamba wakati wewe bado unatambaa, baba yako alikuwa anavaa sketi. Soma tena kama hujaamini. Sketi. Mchana kweupe, pale barazani kwenye cherehani yake, akienda sokoni kununua vifungo, akienda kunywa kahawa na wenzake. Hakuwa mgonjwa, hakuwa mlevi, wala hakuwa anatafuta umaarufu.

Ilianza na belo la mitumba. Mama mmoja muuza nguo alimletea sketi nzito ya sufu, ya miraba ya kijani na nyeusi, mbele bapa, nyuma marinda yamepangwa kwa ufundi mkubwa, ubavuni ina mikanda midogo ya ngozi. Wanawake walikuwa wameijaribu wakaikataa. Nzito, inawasha, halafu inafungwa upande usioeleweka. Yule mama akataka ikatwe zipatikane sketi za shule. Baba yako akaigeuza ndani nje, akaitazama mishono yake muda mrefu, akaja nayo nyumbani.

"Mama Idi," akaniambia, "hii haikushonewa mwanamke. Kiuno chake hakina nyonga."

Tukatafuta kwenye simu tukawaona wenyewe. Wanaume wa Ulaya, mandevu hivi, soksi mpaka magotini, wanapuliza zumari lenye mfuko. Wengine wako harusini. Mmoja anapanda basi na mkoba wake wa kazi, na abiria wenzake wala hawana habari naye. Baba yako akacheka peke yake. Kesho yake akakata kitambaa cha kadeti, rangi ya udongo, akajishonea ya kwake, marinda nyuma, mifuko miwili mikubwa ya kuwekea mkasi na futi ya kupimia. Ukikaa kwenye cherehani ya kukanyaga kutwa nzima, siku ambazo ziwa halitoi hata upepo, utajua kwa nini. Alisema tangu ajifunze ufundi hajawahi kufanya kazi kwa raha namna ile.

Bibi yako alipomwona mara ya kwanza alikuwa anachagua mchele uani. Hakushtuka. Akamzungusha kwa kidole, kama mtoto aliyevalishwa nguo mpya ya sikukuu.

"Geuka. Geuka tena." Kisha akasema, "Shusha pindo. Ukisujudu goti lisionekane. Mengine ni yako na Mola wako."

Basi, akarudi kwenye mchele wake. Baba yako akalifumua pindo akalishusha chini ya goti kabisa. Hiyo ndiyo sheria pekee iliyowekwa juu ya ile nguo, na iliwekwa na mwanamke aliyemzaa.

Watu walisema, watu watakosa kusema? Vijana wa bodaboda ndio walikuwa hodari.

"Shoga, umeamkaje?"

"Salama, mume wangu," anawajibu bila kuinua kichwa, mguu unaendelea kukanyaga. "Suruali yako imefumuka nyuma, mtaa mzima wa Rusimbi umeshaona. Lete nikushonee bure."

Wenzake wanamgeukia yule yule aliyeanza, wanamcheka mpaka anawasha pikipiki anaondoka. Ikawa ni utani wa kila siku. Wanawake nao walikuja kumkejeli wakaishia kumpa vitenge awashonee, maana walisema mwanaume anayejua marinda yanavyokaa mwilini hawezi kukuharibia kitambaa. Mji ulikuwa umeanza kumzoea. Nasema kweli. Pale mtaa wa Mwanga kulikuwa na mlinzi wa Kimasai kwenye duka la dawa, shuka lake jekundu linaishia magotini, na hakuna mtu aliyegeuza shingo kumtazama. Baba yako alikuwa karibu kufikia hapo.

Babu yako wa Simbo peke yake ndiye hakucheka.

Alikuja siku moja na dumu la mawese na mkungu wa ndizi, akamkuta mkwewe barazani. Baba yako alisimama kwa heshima zote, "Shikamoo, baba." Babu yako akaitazama ile sketi. Halafu akatazama barabarani kuona nani mwingine anatazama. Hilo nililiona kwa macho yangu na sijalisahau: alitazama barabara. Akaitikia marahaba ya mbali, akaweka dumu chini, akasema ana haraka. Wali niliompikia wakala majirani.

Kisha bibi yako akaanza kuumwa bega. Bega la kulia. Tulidhani ni baridi, tukalichua, tukalikanda kwa maji ya moto, kumbe ni kitu kingine kilichokuwa kinamla kutokea ndani. Alipokuwa hawezi tena kuinuka, mimi nilimwogesha na baba yako alimgeuza. Alijifunza kumgeuza bila kumwumiza. Anapitisha mkono huku, anashika huku, anamhamisha kwa upole kama anavyohamisha hariri kwenye meza. Bega lile la kulia hakuruhusu mtu mwingine aliguse. Hata mimi nikisogea anasema, "Ngoja, ngoja, hapo ngoja mimi."

Akafariki asubuhi, nyumbani, mkono wake uko kwa mwanawe. Ikasemwa azikwe baada ya alasiri.

Sasa nisikilize vizuri. Siku ile baba yako hakuvaa sketi. Lishike hilo. Alivaa kanzu nyeupe aliyoishona kwa mikono yake na kofia ya marehemu baba yake. Aliyeingia pale uani bila kumjua asingeweza kumtofautisha na mwanaume mwingine yeyote. Na hao wanaume wengine walivaaje? Kanzu, na wasio na kanzu wamejifunga msuli kiunoni, ile nguo ya kuzungusha inayofika kwenye vifundo vya miguu. Ua mzima.

Sisi wanawake hatufiki makaburini, tunaishia mlangoni. Nilikuwa nimesimama hapo, wewe uko mgongoni kwangu, jeneza likatolewa likawekwa uani. Baba yako alikuwa ameshika mpini wa mbele. Imamu akauliza nani watashuka kumpokea. Unajua au hujui, maiti wa kike hupokelewa kaburini na watu wake wa damu: mwanawe, kaka yake, mtoto wa dada yake. Kaka yake bibi yako, Babu Rajabu, alikuwa Uvinza, hajafika. Kwa hiyo baba yako akajibu, "Mimi. Mimi na Maulidi." Maulidi ni mtoto wa dada yake bibi.

Hapo ndipo babu yako alipokohoa.

"Samahanini jamani," akasema. "Mimi hapa ni mkwe tu. Lakini kuna jambo la dini tusilifumbie macho. Huyu kijana mji mzima unamjua kwa mavazi yake. Mwanaume anayejifananisha na wanawake, leo ashuke kumpokea maiti? Tutamtia marehemu aibu mpaka kaburini kwake."

Halafu sauti moja ikatoka nyuma, "Mzee amesema kweli." Na nyingine, "Hata mimi nilikuwa najiuliza." Kijana mmoja wa bodaboda, na namshukuru mpaka leo, akasema, "Lakini leo si amevaa kanzu?" Akajibiwa, "Hiyo ya leo. Na jana?"

Imamu akatazama jua. "Hilo wafiwa mtaelewana wenyewe," akasema. "Tusimcheleweshe maiti."

Wafiwa wenyewe ni nani? Ni mtu mmoja, amesimama ameshika mpini.

"Ni mama yangu," baba yako alisema. Hakusema kingine. Hakusema kwa ukali, hakusema kwa kulia. Kama mtu anayetaja jina lake kwenye dirisha la ofisi, akidhani kwamba likishasikika yatakwisha.

Hayakwisha. Nilipiga kelele kutoka mlangoni, "Baba! Huyo ni mtoto wake!" Mikono ya wanawake ikanishika kanga nyuma, huku na huku. "Nyamaza, Mama Idi. Usitie fitina msibani. Sauti yako inatoka nje." Sauti yangu inatoka nje! Mtu anavuliwa uana wake mbele ya jeneza, na kilichowasumbua ni sauti yangu. Wewe ukaamka ukaanza kulia, na babu yako hakugeuka, ingawa alitusikia wote wawili.

Baba yako akaachia mpini. Mpini wa jeneza hauachwi wazi, mtu mwingine akaushika palepale. Mtu huyo alikuwa babu yako.

Yaliyotokea kule makaburini sikuyaona, nimeyasikia kwa baba yako mwenyewe, mara moja tu, na sikumwuliza tena. Alisema alitembea nyuma kabisa, na mikono yake hakujua aiweke wapi. Alisema walitandaza kitambaa juu ya kaburi, kama inavyofanywa kwa mwanamke asionekane, na yeye aliona vichwa tu vya waliokishika. Alisema aliwasikia chini wanaulizana, "Kichwa kiko huku? Sogeza. Mlaze ubavu wa kulia." Maiti hulazwa ubavu wa kulia, mwanangu. Lile lile bega.

"Nilitaka tu nimwekee udongo laini chini ya bega," aliniambia. "Najua alikuwa haumwi tena. Najua. Lakini nilitaka."

Siku ya pili ya msiba Babu Rajabu akafika kutoka Uvinza. Mzee mrefu, mkavu, koti kuukuu juu, chini msuli wa kahawia. Wanaume walikuwa wamekaa jamvini na mimi nilikuwa nawapelekea uji, kwa hiyo haya niliyaona na kuyasikia kwa karibu. Akasalimia, wakampisha, akasoma fatiha yake. Alipomaliza kujifuta uso akauliza jambo analouliza kila ndugu aliyechelewa kuzika.

"Nani alimpokea dada yangu?"

Swali la kawaida kabisa. Jibu lake huwa ni jina moja, na watu wanasema alhamdulillahi. Siku ile mmoja akaanza kukorogea uji sukari ambayo ilikuwa tayari imeshakorogwa.

"Mimi, mjomba," Maulidi akasema mwisho.

"Na nani?"

"Na… mzee, mkwe wetu wa Simbo. Na jirani mmoja."

Babu Rajabu akageuka polepole akamtafuta baba yako. Alikuwa amekaa pembeni kabisa, karibu na viatu vya watu. Na alikuwa amevaa suruali, suruali nyeusi nzito ambayo sikuwahi kumwona nayo tangu tuoane.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, mjomba."

"Sijauliza kama ulikuwepo."

Baba yako akainamisha kichwa, na ikabidi Maulidi aeleze yote. Aliyaeleza kwa kukatakata, jasho linamtoka, yule mzee anamsikiliza bila kumkatiza. Kisha Babu Rajabu akajishika goti akainuka. Akasimama katikati ya jamvi, akauchukua msuli wake kwa vidole viwili, akauvuta mbele kidogo watu wauone.

"Hiki nilichofunga kina miguu miwili?"

Wakatazama vikombe vyao vya uji.

"Nauliza. Wewe Maulidi una macho ya ujana. Kina miguu miwili?"

"Hakina, mjomba."

"Na hicho chako? Na hicho cha huyu? Na kanzu ya huyu? Nyote humu mmekaa ndani ya nguo isiyo na miguu. Mimi nimetoka Uvinza hivi, nimepita stendi hivi, nimepita sokoni hivi, hakuna aliyenizuia. Mtoto yeye amepitisha uzi mahali ambapo sisi tunafunga fundo. Basi. Kwa sababu ya uzi mmemtoa kwenye kaburi la mama yake?"

Babu yako, ambaye naye alikuwa amekaa pale jamvini, akajaribu. "Mzee mwenzangu, suala ni kujifananisha…"

"Mkwe." Hakupandisha sauti. "Mimi ile nguo nisingevaa. Nakuambia ukweli mbele ya hawa. Siipendi. Kama mtoto angeniuliza ningemwambia aivue. Ningemwambia jana, au kesho, tukiwa wawili. Lakini wewe umengoja mpaka ameshika jeneza. Ulikuwa na miezi yote ya kumfundisha dini, ukaichagua saa ile. Na ulipomaliza kumtoa ukashuka wewe. Dada yangu alikuwa nani yako? Alikunyonyesha? Umemgusa kwa haki gani?"

"Nilikuwa nasaidia," babu yako akasema.

"Ungetaka kunisaidia mimi," Babu Rajabu akasema, "ungemsaidia mtoto wangu ashuke."

Halafu akawageukia wengine, mmoja mmoja, kwa majina ya baba zao, akawauliza wao walikuwa wanatazama nini. Sitakuandikia yote aliyowaambia. Wengine bado wapo, wanakutuma dukani. Nilibaki nimesimama na jagi la uji. Nilikuwa natamani ardhi inifiche, na mimi sikuwa nimefanya lolote. Ndivyo aibu ya damu ilivyo, mwanangu. Kila neno lililompiga baba yangu lilitua kwangu pia, kwa sababu pua yake ndiyo pua yangu na mji mzima unaona tunavyofanana.

Babu yako akavaa viatu akaondoka. Babu Rajabu akamshika baba yako mkono wakaenda makaburini wawili. Walichofanya huko hawakuniambia.

Nilimfuata babu yako Simbo baada ya arobaini. Nilimkuta chini ya michikichi anapura chikichi, nikamwamkia, akaitikia. Sikuzunguka. Nilimwambia aje amwombe radhi mume wangu.

"Oya, oya," akakataa kwa Kiha, kichwa chini. "Nilikuwa nakutetea wewe. Watu walikuwa wananicheka huku. Wanasema binti yangu ameolewa na mwanamke mwenzake. Unajua inavyouma?"

"Kwa hiyo haikuwa dini."

Akaokota chikichi zilizoruka pembeni.

"Baba, ulisema dini. Ulisema mbele ya maiti kwamba ni dini. Kumbe ni watu wa hapa Simbo wanacheka?"

"Wewe umesoma," akasema, "maneno unayo." Akaendelea kupura. Nilipoondoka alikuwa ameniwekea dumu la mawese mlangoni, limejaa, kizibo kimefungwa vizuri kwa nailoni. Nililiacha pale pale. Namwamkia mpaka leo tukikutana, shikamoo yake anaipata, ni baba yangu. Ila nyumbani kwangu hajaingia, na radhi hajaomba.

Na baba yako hajavaa sketi tena. Hakuna aliyemkataza. Nilimwuliza akasema, "Nimechoka, Mama Idi," nikaona nisimsumbue. Mtu anaweza kuwajibu vijana wa bodaboda kila siku kwa mwaka mzima na asichoke. Lile la uani ndilo lililommaliza.

Sasa nifike kwako.

Juzi jioni alipita kijana mmoja barabarani mbele ya baraza, sijui ni wa hapa au mgeni, amevaa sketi nyeusi ndefu juu ya viatu vikubwa, na kofia yake kichwani. Anakwenda zake, anakula karanga. Nyinyi mlikuwa mnacheza mpira. Mkaanza, "Demu! Demu! Demu anatembea!" Mkamfuata. Mmoja akamrushia ganda la muwa. Nilikuwa ndani nachemsha maharage, na katika zile sauti zote nikaijua ya kwako. Mama anaijua. Ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote.

Nikatoka mbio. Unadhani kilichonisimamisha mlangoni ni nini? Ni baba yako. Alikuwa pale pale kwenye cherehani, karibu nanyi kabisa, hamkumtazama. Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya kanyagio. Kitambaa kiko chini ya sindano, gurudumu limetulia, na yeye anakusikiliza. Anakusikiliza wewe. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku alipoachia mpini. Ndipo nilipojua kwamba aliyoyafanya baba yangu, mwanangu ameyarudia, na huyu amenyonya kwangu.

Nilikupiga, ndiyo. Ukalia ukasema, "Kwani nimemfanyaje, hata simjui!" Nilikuwa na hasira, sikuweza kukujibu. Hili ndilo jibu.

Sikuambii uvae sketi. Vaa kaptula, vaa jinzi, vaa kanzu, ukikua utajichagulia. Ninachokuambia ni hiki: ukimwona mtu amevaa usichokizoea, tazama kama amejistiri, na kama amejistiri basi tazama njia yako. Kama hakijakupendeza, mfuate mkiwa wawili umwambie kwa adabu, na akikataa umwache, mwili ni wake. Usimsubirie mahali pa watu. Usimsubirie msibani. Na usije ukachukua dini ukaifunika juu ya woga wako wa kuchekwa na majirani, kama alivyofanya babu yako, maana Mungu anaona na kifuniko na kilichofunikwa. Na ukiona wengi wanamwonea mmoja, usijihesabu huna kosa kwa kuwa umekaa kimya. Wale waliokaa kimya uani kwetu ningewaelewa kama wangekuwa hawasikii. Walisikia. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze, mpaka kaburi likafukiwa.

Kwa baba yako utakwenda wewe mwenyewe. Sitakushika mkono, wala sitakufundisha la kusema. Usimwambie kwamba hukujua, anajua kwamba hukujua. Kaa naye tu barazani, mshikie kitambaa anapokata, na maneno yakija yatakuja.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe ulimi mzito wa kuzomea na mwepesi wa kutetea. Akupe rafiki wa kusema "lakini" pale watu wote wanaposema "kweli". Akuondolee hofu ya macho ya barabarani, hofu iliyomwondoa babu yako kwenye nyumba yangu. Na siku yangu ikifika, hata waje watu wa Simbo wote na wa Ujiji wote, wenye kanzu na wenye suruali, wakikuuliza umevaa nini usiwajibu. Ushuke unipokee.